Kazi ya Shangazi: Nani Alisema na Vijana Juu ya Mambo ya Mwili Hapa Kwetu?

Tukikaa na wazazi wa Kavimvira na kuanzisha habari ya vijana, ya mimba za mapema, ya magonjwa na ya mambo ya mwili, karibu kila mara kuna mtu anayesimama na kusema: "Ile maneno hatusemake mbele ya batoto. Desturi yetu inakataza." Wengine wanaitikia. Kikao kinageuka, tunaanza kuongea juu ya maji na takataka, na watu wanarudi nyumbani na furaha kwamba desturi imeheshimiwa.

Sentensi hiyo tumeisikia sana mpaka tukaona ni vizuri tuichunguze. Sisi ni watu wa chama cha utamaduni, na mtu akisema "desturi yetu inakataza," ni kazi yetu kumuuliza: desturi gani, na inamkataza nani?

Tulienda kuuliza kwa mama wazee, wale waliozaliwa zamani ya Wabelgiji. Kwanza wanacheka. Wanaziba kinywa na kitenge, wanatazamana, halafu mmoja anajibu. Jibu lao, tuliulizie kwa Bavira, kwa Bafuliiru ao kwa Barundi waliozeeka hapa kwetu, linafanana: "Mama yangu hakuniambia hata neno moja. Shangazi njo aliniambia yote."

Sentensi hiyo ina vipande viwili. Wazazi wa leo wameshika kipande cha kwanza na kukiita desturi. Kile cha pili kimepotea njiani. Mengine yote tunayotaka kusema hapa ni habari ya namna kilivyopotea.

Tuanze na mpango wenyewe. Kweli, kati ya mama na binti yake, na zaidi kati ya baba na binti yake, kulikuwa ukuta wa haya. Mzazi anaheshimiwa, na heshima hiyo haikukaa pamoja na maneno ya kitandani. Lakini wazee hawakuacha ukuta bila mlango. Mlango mmoja ulikuwa kwa babu na nyanya. Mpaka leo utasikia babu akimwita mjukuu wake wa kike "bibi yangu" (na huku kwetu bibi ni mke, wasomaji wa Tanzania wasishangae), na nyanya akimwita mjukuu wa kiume "bwana yangu." Mtu mgeni anafikiri ni mchezo tu. Ni mchezo, ndiyo, lakini ndani yake mtoto alipewa ruhusa ya kuuliza kitu ambacho hawezi kukiuliza kwa baba. Mjukuu anauliza kwa kucheka, mzee anajibu kwa kucheka, na jibu linabaki.

Mlango wa pili, ulio mkubwa zaidi kwa wasichana, ulikuwa shangazi, yaani dada ya baba, yule ambaye Barundi wanamwita masenge. Kwa nini yeye, na si dada ya mama? Tulielezwa hivi: msichana ni wa ukoo wa baba yake, mahari yake yataingia katika ukoo huo, na akiolewa vibaya ao akirudishwa, ni ukoo huo utakaopata haya. Shangazi ni mtu wa ukoo, lakini ni mtu aliyekwisha kutoka, akaolewa mahali pengine, akaona ya huko. Anajua pande zote mbili. Ndiye aliyeambiwa mtoto anapoona mwezi kwa mara ya kwanza, ndiye aliyeonyesha namna ya kujitunza siku hizo, namna ya kuosha, kitu cha kuficha na kitu kisichofaa kufichwa. Ndiye aliyekaa na msichana mbele ya ndoa. Na ndoa ikiharibika, ndiye aliyeitwa kwanza na kuulizwa: "Ulimufundisha nini?" Kwa hiyo ilikuwa kazi yenye madaraka, na mwenye kazi aliweza kuhukumiwa kwa ajili yake.

Kwa wavulana kulikuwa babu na mjomba, na kwa jamaa fulani kulikuwa kambi. Ndugu zetu Babembe, upande wa Fizi, walikuwa na butende, na Balega walikuwa na bwali: vijana wanatahiriwa, wanakaa mbali na kijiji, wanafundishwa na wakubwa. Mafundisho hayo hayakuwa ya mwili peke yake. Yalikuwa ya namna ya kuwa mtu mzima, na mambo ya mwili yalikuwa sehemu yake, bila kutengwa.

Hatutaki kupaka sukari. Shangazi huyo alifundisha pia mambo ambayo leo hatungependa binti zetu wayarudilie. Alimfundisha msichana kunyamaza, kuvumilia mume anayepiga, kujiona kama kitu cha kulinda kwa ajili ya mahari. Ubikira ulikuwa deni la msichana. La mvulana hakuna aliyeliuliza. Na wasichana wengi waliolewa wakiwa bado watoto. Nyanya mmoja alituambia, bila uchungu wowote: "Niliolewa niko na myaka kumi na tano. Shangazi aliniambia usiku wa kwanza tu. Mengine nilijifunza kwa kulia." Hayo pia ni desturi, na tunayaandika.

Pwani ya bahari mpango huo ulikuwa na jina na ngoma zake. Waswahili wa kule walikuwa na jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana, na mwanamke aliyefundisha aliitwa kungwi ao somo. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizieleza desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1903 na Mdachi Carl Velten, na namna ya kuwafundisha vijana imo ndani. Bi Kidude wa Zanzibari, mwimbaji anayejulikana dunia nzima, aliyekufa Aprili 2013, alikuwa pia mwalimu wa unyago, na aliipigia ngoma kazi hiyo mpaka uzeeni.

Sasa, sisi wa Uvira tunasema Kiswahili. Je, kungwi yuko wapi? Hapa kuna jambo ambalo watu hawalifikiri sana. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, wafanya biashara wa Ujiji walikwisha kujua njia hiyo. Kiswahili kilitufikia pamoja nao, kama lugha ya pembe, ya watumwa, ya soko. Kisha kikawa lugha ya serikali, ya kodi, ya kanisa na ya masomo. Hakikuja pamoja na nyanya wa pwani. Maneno ya ndani ya nyumba yalibaki katika Kivira, katika Kifuliiru, katika Kibembe, katika Kirundi. Shangazi alifundisha kwa lugha hizo, kwa mafumbo ya shamba na ya ziwa ambayo msichana wa wakati ule aliyaelewa mara moja. Leo mtoto wa Kavimvira anasema Kiswahili nyumbani na Kifaransa kidogo masomoni. Mama yake anataka kumwambia kitu, anatafuta neno katika Kiswahili, na neno analolijua ni matusi ya kwenye gari. Anatafuta katika Kivira, mtoto hasikii. Basi ananyamaza. Mara mingi kile tunachokiita haya ni ukosefu wa neno.

Turudi kwenye namna mpango ulivyovunjika, maana haukuvunjika siku moja.

Wamisionari walikuja mapema kando ya ziwa letu. Mapadri Weupe walikuwa Massanze tangu 1880. Wapentekoste wa Sweden walifika Uvira mwaka 1921, Wasaveri walifika mwaka 1958, na jimbo katoliki la Uvira likaundwa mwaka 1962. Walileta masomo, walileta nyumba za kuzalia, na mama wengi waliookoka katika kuzaa wanaweza kuwashuhudia. Lakini kambi ya tohara na mafundisho ya siri ya wazee walivihesabu kuwa ushenzi. Serikali ya Wabelgiji nayo ilikuwa na woga wake: bwami, chama kikubwa cha Balega na Babembe, ilikatazwa na serikali mwaka 1948. Mkristo mwema alipaswa kumtuma mtoto kwa katekista. Katekista alifundisha amri ya sita na ndoa moja, na akaishia hapo. Juu ya mwezi, juu ya kuachanisha uzazi, hakuwa na la kusema, na mara mingi alikuwa mwanaume.

Jambo la kuachanisha uzazi linastahili tukae kidogo. Wazee walijua kupanga uzazi. Mama anayenyonyesha hakukaribiana na mume wake kwa muda mrefu, mara mingi mpaka mtoto anatembea na kula mwenyewe. Pwani wanasema kwamba mtoto ambaye wazazi wake hawakungoja "amebemendwa," na kila mtu anayaona matokeo kwenye mwili wa mtoto. Waganga wa Kibelgiji, kwa kuwa waliogopa wakongomani wasiwe wachache na kazi zisikose watu, walitia nguvu ili wanawake wazae mara kwa mara na wafupishe kunyonyesha. Sheria ya jinai ya kikoloni ilikataza hata kutangaza njia za kuzuia mimba, na iliendelea kuwa sheria baada ya uhuru. Kwa hiyo jambo ambalo shangazi alilifundisha wazi lilikwisha kuwa, kwa upande mmoja, upagani, na kwa upande mwingine, kosa la jinai. Desemba 1972 Mobutu alisema juu ya "naissances désirables," yaani watoto wanaozaliwa kwa kutamaniwa, na mwaka 1973 kamati ya taifa ikaundwa. Lakini maneno hayo yalibaki hospitalini, kati ya mganga na mama mwenye watoto sita. Hakuna aliyemfikiria binti wa miaka kumi na nne.

Ng'ambo ya Ruzizi, Usumbura, mji ambao watu wetu walienda kutafuta kazi, serikali ilianzisha mwaka 1946 foyer social, nyumba ya kufundisha wanawake kushona, kupika na kutunza nyumba. Mwalimu mpya, mzungu, akachukua nafasi ya shangazi, lakini kwa mambo ya sindano na sabuni tu. Katika mji huohuo, wanawake waliokaa peke yao bila mume walitozwa kodi yao, na wanawake Waislamu wa Buyenzi, wajane wengi kati yao, waliikataa katika miaka ya 1950 kwa sababu iliwaita malaya. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha namna mji ulivyoanza kusema juu ya mwili wa mwanamke: kwa neno la kodi na la polisi.

Halafu kazi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilipofunguliwa katika miaka ya 1950, vijana walishuka toka milimani na kukaa katika kambi za wafanyakazi. Mume, mke, watoto. Shangazi alibaki Lemera, ao alikuwa ameolewa Fizi. Watoto walimwona Noeli, kama gari lilipatikana.

Na vita. Mwezi wa Mei 1964 waasi waliuchukua muji wa Uvira, watu wakakimbilia porini na Burundi. Mwaka 1972 Burundi ilipata mauaji yake, watu wakavuka kuja kwetu. Mbele ya Oktoba 1996 kambi za bonde la Ruzizi zilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000, Barundi na Banyarwanda. Kisha vita vya 1996 na vya 1998 vikatutawanya sisi wenyewe: wengine Bujumbura, wengine Kigoma, wengine chini ya udongo. Mpango wa shangazi unahitaji kitu kimoja tu: kwamba shangazi akae karibu. Hilo ndilo vita ilituondolea.

Ililetea pia neno. Tangu Radio Okapi ianze mwaka 2002, na redio nyingine za hapa, tulisikia kila siku habari za ubakaji katika Kivu. Ilipaswa isemwe, na kazi ya Daktari Denis Mukwege, aliyefanya kazi Lemera mpaka hospitali ile iliposhambuliwa Oktoba 1996, akafungua Panzi mwaka 1999 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 2018, imewaokoa dada zetu wengi. Lakini tufikiri upande wa mtoto. Watoto wetu walijifunza neno "kubakwa" mbele hawajapata neno la adabu la sehemu za mwili wao. Kitu cha kwanza walichosikia juu ya mwanaume na mwanamke kilikuwa uhalifu. Cha pili kilikuwa ugonjwa: Franco aliimba juu ya Sida mwaka 1987, na tangu hapo kila mafundisho ya serikali na ya mashirika yalianza na kifo. Hofu iliwafikia vijana, maelezo hayakuwafikia.

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa inchini mwote mwaka 2007, wasichana 24 kwa mia, kati ya wale wa miaka 15 mpaka 19, walikuwa wamekwisha kuzaa ao walikuwa na mimba. Katika ule wa 2013-2014 walikuwa 27 kwa mia. Yaani zaidi ya msichana mmoja kwa wanne, na hesabu ilikuwa inapanda wakati redio zinapiga kelele kuliko zamani zote.

Sheria nayo imegeuka, na imewaacha wazee njiani. Sheria ya jamaa ya 1987 iliruhusu msichana kuolewa kwa miaka 15. Sheria ya 2006 juu ya ubakaji ilipandisha umri mpaka 18, na sheria ya jamaa ilirekebishwa mwaka 2016: 18 kwa wote, wa kike na wa kiume. Ni vizuri. Lakini nyanya yetu wa miaka kumi na tano, aliyefundishwa usiku wa kwanza, anaambiwa leo kwamba mjukuu wake wa umri uleule ni mtoto. Alijifunza namna ya kumtayarisha msichana kwa ndoa ya karibu. Hakuna aliyemfundisha namna ya kusema na msichana ambaye atakaa miaka kumi mbele ya kuolewa, anayeenda masomo na wavulana, na ana telefone mkononi.

Uganda walijaribu kitu. Baganda wana ssenga, shangazi wao, mwenye kazi ileile. Katika wilaya ya Masaka watafiti waliwachukua wanawake wa vijiji, wakawafundisha juu ya ukimwi na magonjwa ya zinaa, wakawapa kazi ya ssenga kwa wasichana wa kijiji kizima; habari hiyo ilichapishwa mwaka 2003, na ilionekana imewasaidia wasichana. Wengine Kampala wamegeuza ussenga kuwa biashara, wanasema redioni na kulipwa. Hilo la pili linatuchekesha kidogo. La kwanza tulilijadili kwa muda mrefu, kwa sababu linaonyesha kwamba shangazi anaweza kuwa shangazi wa kartye, si wa damu tu, ikiwa yeye mwenyewe anafundishwa kwanza.

Hapa Kavimvira hatuna mpango wa namna hiyo. Tuna mama wanaojaribu. Mmoja alitueleza kwamba hakuweza kumwita binti yake na kumkalisha mbele yake, maneno yalikwama. Siku moja walikuwa wanatwanga sombe, wawili kwenye kinu kimoja, macho chini, na maneno yakatoka yenyewe: mwezi ni nini, mimba inaingia namna gani, kwamba inaweza kuingia hata mara ya kwanza, kwamba mtu mwenye virusi haonekani kwa uso. Mtoto hakuuliza kitu. Siku tatu baadaye aliuliza, akiwa anaosha vyombo na mgongo umegeuka. Mama mwenyewe alisema: "Angeniangalia, ningekimbia."

Mama huyo alimwambia pia jambo ambalo shangazi wa zamani hakuweza kulijua, nasi tunaliandika wazi kwa kila mzazi: mtoto akilazimishwa na mtu, asifichwe kwa haya, apelekwe kwenye kituo cha afya haraka, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi inafaa ianze mbele ya masaa 72. Familia nyingi zinapoteza siku hizo tatu katika kikao cha ukoo, zikizungumza juu ya ng'ombe na mbuzi wa kulipwa.

Kwa upande wa baba, tulimpata mmoja. Ana binti watatu, mke wake alikufa, na dada yake wa pekee alikimbia mwaka 1996 na yuko mpaka leo katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma. Mkubwa wa binti alipofika miaka kumi na mbili, baba aliona hana la kufanya. Alinunua yunite, akampigia dada yake. Dada aliuliza: "Batoto biko hapo wote?" Akajibu ndiyo. "Basi weye toka inje." Aliacha telefone mezani, akatoka, akasimama barabarani. Alitueleza kwamba alisikia binti zake wakicheka, kisha kimya, kisha wakacheka tena. Hakuuliza walisema nini. Yunite zilipoisha, mdogo alitoka kumwita, akamwambia shangazi anasema aongeze ingine kesho.